Polima ya sola isiyohitaji klorofomu: uianzie wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia hapa Tanzania, na nataka kutengeneza polima ya seli za sola za oganiki. Ninasoma kwamba ufanisi umepita asilimia 20, lakini karibu makala zote zinatumia klorofomu au klorobenzini, na maabara yetu ina kabati moja tu la kunyonya mvuke. Molekuli ibuniwe vipi ili ifanye kazi vizuri na bado ipakwe kwa viyeyushi visivyodhuru watu? Halafu, kuna maana yoyote kuhangaika na haya wakati paneli za silikoni zimejaa Kariakoo?"

Marahaba, na hongera. Wengi huuliza hili wakiwa wameshamaliza kutengeneza polima yao. Msimamo wangu ni kwamba kiyeyushi huchaguliwa siku ile unapochora monoma, yaani kipande kidogo kinachorudiwa kujenga polima, kwenye karatasi. Ukikiacha hadi siku ya kupaka, utaishia kwenye klorofomu utake usitake, kwa sababu hakuna kingine kitakachokubali kuyeyusha ulichotengeneza.

Kwanza tuone polima ina kazi gani ndani ya seli. Mwanga ukiipiga silikoni, elektroni huachana na tundu lake, yaani nafasi tupu inayoiacha nyuma, karibu papo hapo. Kwenye plastiki viwili hivyo hubaki vimeshikana, na jozi hiyo tunaiita eksitoni. Kwa polima za kawaida nguvu inayoishika ni kati ya 0.3 na 0.5 eV (elektronivolti, kipimo cha nishati), ilhali joto la chumba linaweza kutoa kama 0.025 eV tu. Kwa hiyo jozi haitengani yenyewe. Husafiri kama nanomita 10 kisha hufa, isipokuwa njiani ikutane na mpaka wa vitu viwili: kitoaji, ambacho ndicho polima yako, na kipokezi, ambacho huivuta elektroni upande wake.

Hapo ndipo ugumu wote ulipo. Ili utando ufyonze mwanga wa kutosha unahitaji unene wa takriban nanomita 100, lakini eksitoni inaweza kutembea nanomita 10 tu. Ching Tang wa Kodak alipobandika tabaka mbili, moja juu ya nyingine, mwaka 1986 alipata ufanisi wa karibu asilimia 1. Mwaka 1995 kundi la Alan Heeger kule Santa Barbara lilichanganya polima na fulerini, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira, katika chupa moja na kuvipaka pamoja, hivyo mpaka ukaenea ndani ya utando mzima. Karibu kila seli ya polima unayoisoma leo ni mtoto wa wazo hilo. Mchanganyiko ukikauka, vitu viwili vinatakiwa vijitenge kidogo tu, vifanye njia nyembamba za upana wa nanomita 10 hadi 20, moja ya kupitisha matundu na nyingine ya elektroni, na njia hizo zifike hadi kwenye elektrodi bila kukatika. Vikijitenga zaidi ya hapo, eksitoni zinafia katikati ya donge. Visipojitenga kabisa, elektroni na tundu hukutana tena na nishati yote hupotea kama joto.

Kwa hiyo unapobuni polima unabuni mambo mawili kwa wakati mmoja: jinsi inavyofyonza mwanga, na jinsi inavyokauka. Vitabu hutumia kurasa nyingi kwa la kwanza. Mimi nitalipita haraka.

Uti wa mgongo wa polima za kisasa umejengwa kwa vipande viwili vinavyopokezana, kimoja kinasukuma elektroni na kingine kinazivuta. Kadiri msukumo na mvuto unavyozidi, pengo la nishati hupungua na polima hufyonza mwanga mwekundu zaidi. Ukiongeza florini kwenye kipande fulani, viwango vya nishati vinashuka na volteji ya seli inapanda. PM6, polima ya kitoaji ambayo umeiona kila mahali, ina pengo la takriban 1.8 eV na hufyonza hadi karibu nanomita 680. Mwaka 2019 Yingping Zou wa Chuo Kikuu cha Central South, China, aliichanganya na kipokezi chake kipya, Y6, kinachofyonza hadi karibu nanomita 930. Viwili hivyo vikagawana wigo wa jua bila kugombana. Matokeo yake ni volteji 0.83, mkondo wa miliampea 25.3 kwa sentimita mraba, na sehemu ya 0.748 ya zao la hivyo viwili inayopatikana kweli kama nguvu. Zidisha, kisha gawanya kwa miliwati 100 za jua zinazoangukia sentimita hiyo mraba, utapata asilimia 15.7. Rekodi zilizofuata zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya msingi huo.

Sasa tuje kwenye klorofomu. PM6 ni polima bapa, ngumu kujikunja, na molekuli zake hupenda kulaliana. Ulalianaji huo ndio unaopitisha matundu vizuri, na huohuo ndio unaoifanya isiyeyuke kirahisi. Klorofomu inaiyeyusha, na kwa kuwa inachemka kwenye nyuzi 61 tu, inaruka kwa sekunde chache na kuugandisha mchanganyiko kabla haujapata nafasi ya kujitenga kupita kiasi. Badilisha uweke zailini, inayochemka karibu nyuzi 140, na mambo hubadilika. Aliyewahi kuona mashamba ya chumvi ya pwani yetu anajua kwamba maji yakikauka taratibu chembe za chumvi huwa kubwa. Y6 hufanya vivyo hivyo: ikipewa muda inajikusanya madonge makubwa, na ufanisi unaporomoka. Mtu anayesema "nilijaribu kiyeyushi cha kijani kikashindwa" mara nyingi ameshindwa kwa sababu hii, wala tatizo halikuwa kuyeyusha.

Unaweza kupambana na hilo kwa mashine: pasha moto kioo unachopakia, puliza naitrojeni juu ya utando uliolowa, paka mchanganyiko ukiwa na nyuzi 80 au 90. Hizo ni mbinu halali na zinasaidia sana. Wengine huongeza matone ya diayodooktani ili kurekebisha mpangilio wa molekuli. Hii nakushauri uikwepe tangu mwanzo, kwa sababu haichemki kirahisi, hubaki ndani ya utando, na ikipigwa na mwanga huvunjika kuwa radikali, vipande vya molekuli vyenye ukali, zinazoila polima. Seli inaonekana nzuri siku ya kupimwa na inakufa mapema.

Suluhisho la kudumu liko kwenye molekuli, na mfano ninaoupenda unatoka Hong Kong. Kundi la He Yan lilikuwa na polima iitwayo PffBT4T-2OD yenye tabia ya kipekee: ikiwa ya moto inayeyuka kabisa, ikipoa inajikusanya vizuri ikiwa bado ndani ya kiyeyushi. Maana yake polima hutangulia kujenga kiunzi, kisha kipokezi kinajaza nafasi zilizobaki. Kipokezi hakipati tena uhuru wa kujikusanya ovyo. Mwaka 2016 walirefusha mnyororo wa pembeni kutoka kaboni 20 hadi 22, wakatumia kiyeyushi cha hidrokaboni kisicho na klorini, trimethilibenzini pamoja na fenilinaftalini kidogo, wakapata asilimia 11.7. Kwa wakati ule hiyo ilikuwa miongoni mwa namba za juu kabisa duniani, iwe kwa kiyeyushi cha aina yoyote. Kaboni mbili tu! Ninakutajia hili ili uone mahali penye nguvu: minyororo ya pembeni, ile ambayo wanafunzi huichora haraka na kuiandika "R", ndiyo inayoamua polima itakubali kiyeyushi gani na itaanza kujikusanya kwenye joto gani.

Mnyororo mfupi unafanya polima isiyeyuke. Mrefu mno unazitenganisha molekuli, na kwa kuwa mnyororo wenyewe haupitishi umeme wala haufyonzi mwanga, unabeba mzigo usiolipa. Ulio na tawi huyeyusha zaidi kuliko ulionyooka, na tawi likisogezwa mbali kidogo na uti wa mgongo, molekuli zinaweza kulaliana vizuri bila kupoteza umumunyifu, yaani uwezo wa kuyeyuka. Njia nyingine ni kuingiza kipande cha tatu, asilimia 5 hadi 20 ya monoma, ili kuvuruga kidogo mpangilio wa uti wa mgongo. Ni njia nzuri kwa maabara ndogo, kwani hutengenezi polima mpya tangu mwanzo. Unabadilisha uwiano ndani ya chupa.

Urefu wa polima nao ni sehemu ya ubunifu. Ikiwa fupi, utando unakosa njia zilizoungana na unapasuka ukikunjwa. Ikiwa ndefu mno, unapata jeli. Kwa aina hii ya upolimishaji urefu unategemea usawa wa monoma mbili: kosea uzani wa mojawapo kwa asilimia chache na polima itabaki fupi, hata ungepika siku nzima. Hii ni sababu mojawapo ya kutofautiana kwa mapishi ya leo na ya mwezi ujao, jambo linalotesa taaluma yetu nzima. Tumia muda wako mwingi kusafisha monoma.

Kuhusu viyeyushi vyenyewe, niseme wazi kwamba neno "kijani" linatumika kwa uzembe. Toluini haina klorini, lakini inashukiwa kudhuru mtoto aliye tumboni. Zailini ni nafuu zaidi kuliko klorobenzini, ila bado ni zao la mafuta ya petroli na inahitaji lile kabati lako. Anisoli ina sifa nzuri zaidi za usalama na inachemka kwenye nyuzi 154. Kinachonivutia kuliko vyote ni methili-tetrahidrofurani, inayochemka kwenye nyuzi 80. Inatengenezwa kutokana na furfurali, na furfurali hutoka kwenye mabaki ya mimea kama magunzi ya mahindi na makapi ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Sezela, Afrika Kusini, kimekuwa kikitengeneza furfurali kutoka kwenye makapi ya miwa kwa miaka mingi, na sisi tuna mashamba ya miwa Kilombero, Mtibwa na Kagera. Angalizo: ni etha, na etha zikikaa muda mrefu kwenye hewa hutengeneza peroksidi zinazoweza kulipuka. Andika tarehe kwenye chupa siku unapoifungua, na usiikaushe hadi ikaisha.

Maji na ethanoli ndiyo ndoto. Unaweza kufika huko kwa kuweka minyororo ya ethilini glaikoli badala ya ile ya mafuta, au kwa kuigeuza polima kuwa chembe za nano zinazoelea ndani ya maji, kama alivyofanya Paul Dastoor na wenzake Chuo Kikuu cha Newcastle, Australia. Njia ya kwanza hudhuru ulalianaji wa molekuli. Ya pili mara nyingi huhitaji sabuni, na sabuni hiyo hubaki ndani ya utando. Ufanisi umekuwa chini ya ule wa viyeyushi vya kawaida. Kwa shahada ya uzamili nisingeanzia hapo.

Tufanye hesabu moja, kwa sababu itakuonyesha madhara makubwa yako wapi hasa. Utando wa nanomita 100 juu ya mita moja ya mraba una ujazo wa sentimita 0.1 za ujazo, yaani kama gramu 0.12 za mchanganyiko mkavu. Ukipaka kwa myeyuko wa miligramu 18 kwa mililita, unahitaji mililita 7 hivi za kiyeyushi. Kwa ufanisi wa asilimia 15, mita hiyo inatoa wati 150 jua likiwa kali. Megawati nzima basi inataka takriban gramu 800 za mchanganyiko na lita 45 za kiyeyushi, ukiacha upotevu. Ni kidogo mno!

Sasa angalia upande wa pili: ili kupata polima ya gramu hizo, ulitumia lita ngapi kusafisha? Kila monoma imepita kwenye safu ya silika kwa lita za heksani na diklorometheni. Polima ikachemshwa kwenye kifaa cha Soxhlet, kinachoisafisha kwa viyeyushi vya moto, kwa methanoli, asetoni, heksani, na mwisho klorofomu. Makala inajisifu kwamba seli ilipakwa kwa zailini, na ndoo ya taka za klorini iko chini ya meza. Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu wanaovuta mvuke huo ni wanafunzi kama wewe. Ukitaka usindikaji endelevu, hesabu kuanzia malighafi.

Riccardo Po na wenzake huko Italia walipendekeza mwaka 2014 kipimo cha ugumu wa kutengeneza molekuli. Kinajumlisha mambo 5: idadi ya hatua, mavuno ya kila hatua, idadi ya usafishaji, ni mara ngapi umetumia safu ya silika, na kemikali hatari zilizoingia. Ukizipima polima maarufu kwa kipimo hicho, P3HT ya zamani inazishinda nyingi kwa urahisi. Ina tatizo lake: pengo la 1.9 eV na viwango vya nishati visivyofaa, kiasi kwamba pamoja na fulerini ya kawaida ilikwama kati ya asilimia 3 na 5, na hata kwa vipokezi vipya inafika kama 9. Lakini inatengenezwa kwa kilo, na inavumilia utando wa nanomita 200 au 300. Uvumilivu huo una thamani kubwa, kwa kuwa mashine inayochapa kwenye roli refu la plastiki haiwezi kushika nanomita 100 kwa usahihi kama unavyofanya wewe kwa kuzungusha kipande cha kioo.

Kati ya P3HT na PM6 kuna njia ya katikati, na ndiyo ningekushauri. Mwaka 2010 Ergang Wang na wenzake wa Chalmers, Sweden, walitengeneza TQ1, polima ya buluu yenye thiofeni na kwinoksalini tu, rahisi sana kutengeneza, wakapata karibu asilimia 6. Miaka 8 baadaye kundi la Yongfang Li, Beijing, likachukua mifupa hiyohiyo miwili, likaongeza florini mbili na mnyororo mmoja wa kaboni 16 wenye tawi, ikazaliwa PTQ10. Inatengenezwa kwa hatua mbili kutoka malighafi rahisi kwa mavuno ya jumla ya asilimia 87.4. Ilipoanza ilifikia asilimia 12.7 na kipokezi IDIC. Ikiunganishwa na Y6 imepita 16. Linganisha na PM6, yenye hatua nyingi na bei ghali. Tofauti ya asilimia chache za ufanisi hailipi gharama hiyo, hasa kwa maabara inayosubiri vitendanishi miezi mitatu bandarini.

PTQ10 bado ina doa moja. Hatua ya mwisho, ile ya kuunganisha monoma, kwa kawaida ni mmenyuko wa Stille, unaotumia thiofeni yenye makundi ya trimethilibati. Kampaundi hizi zinashambulia mishipa ya fahamu na ubongo. Zichukulie kama sumu kali, kwa sababu ndivyo zilivyo. Njia mbadala ni kuunganisha moja kwa moja mahali penye kaboni na haidrojeni kwa kichocheo cha paladi, bila bati kabisa. Mario Leclerc wa Chuo Kikuu cha Laval, Kanada, ni mmoja wa walioikuza njia hiyo. Taka yake kubwa ni chumvi ya bromidi. Ugumu ni kwamba thiofeni tupu ina haidrojeni nne, mbili za pembeni mwa salfa ambazo unazitaka, na mbili za nyuma ambazo huzitaki. Kichocheo kikikosea, polima inaota matawi na inageuka jeli. Unaweza kuziba zile mbili za nyuma, kwa mfano kwa florini au kwa mnyororo mdogo, na hapo utakuwa umebadilisha kwa pamoja uchaguzi wa mmenyuko, umumunyifu na viwango vya nishati. Hilo ni swali la tasnifu kamili, na linaweza kufanywa na kabati moja.

Kuna joto pia. Paneli kwenye paa la Dodoma inaweza kupita nyuzi 60 mchana, na molekuli ndogo za kipokezi huanza kuhama taratibu zikijikusanya. Wabunifu wamejibu kwa kuunganisha vipokezi hivyo kuwa polima. Kundi hilohilo la Yongfang Li lilionyesha njia mwaka 2017 kwa PZ1. Seli yenye polima pande zote mbili inahimili joto na kukunjwa vizuri zaidi. Gharama yake ni ugumu wa kuzifanya polima mbili ziyeyuke pamoja na kujitenga kwa kiasi. Ukiwa na muda, pima seli zako kwenye nyuzi 65 gizani kwa wiki kadhaa, kwa kufuata taratibu za ISOS za kupima uimara wa seli, zilizokubaliwa mwaka 2011. Takwimu hizo kutoka nchi ya joto kama yetu zina uzito.

Sasa silikoni. Hapana, hutashindana nayo juu ya paa. Inatoa zaidi ya asilimia 20 kibiashara na dhamana ya miaka 25, na bei yake imeporomoka kiasi kwamba waliotaka kuishinda kwa unafuu wameumia. Konarka ya Marekani, aliyoshiriki kuianzisha Heeger mwenyewe mwaka 2001, ilifilisika mwaka 2012. Karibu na kwetu kuna kisa cha Eight19 ya Cambridge. Ilianzishwa mwaka 2010 kwa ajili ya sola za plastiki, na mwaka 2011 ikaleta Kenya mfumo wa kulipia umeme kidogokidogo kwa kadi za kukwangua. Wateja waliupenda mfumo huo, lakini paneli zilizofungwa zilikuwa za silikoni. Biashara ya malipo ikajitenga mwaka 2012 kuwa Azuri na kuendelea na njia yake. Plastiki ikabaki maabara. Frederik Krebs wa Denmark naye alichapa taa za sola za polima chini ya mpango wa Lighting Africa, zikajaribiwa Zambia. Wazo lilikuwa jema, lakini seli za wakati ule zilikuwa dhaifu.

Hata hivyo kuna kazi ambazo silikoni haizifanyi vizuri. Chini ya taa za LED ndani ya nyumba, polima zenye pengo la karibu 1.9 eV, na PTQ10 ina 1.92, zinafaa sana kwa vifaa vidogo kama vihisio vya joto kwenye majokofu ya chanjo. Kitalu-nyumba kinaweza kufunikwa kwa utando unaoruhusu mimea ipate rangi za mwanga inazozihitaji. Paa jepesi la makuti au turubai halibebi vioo vya kilo 20. Na kuna sababu nyingine ninayoiamini kwa dhati: kiwanda cha silikoni kinahitaji tanuri za zaidi ya nyuzi 1,400 na mtaji wa kutisha, wakati mashine ya kupaka plastiki ni ndugu wa mashine ya kuchapa magazeti. Kemia yake inaweza kufanyika kwetu. Addis Ababa, Wendimagegn Mammo na wanafunzi wake wamekuwa wakitengeneza polima za seli hizi kwa miaka mingi wakishirikiana na Chalmers na Linköping, na majina yao yako kwenye makala zinazosomwa kote. Walianza na vifaa vichache.

Kwa hiyo, kabla hujaagiza kitendanishi chochote, andaa vichupa vidogo 15 hadi 20 vyenye viyeyushi tofauti, kuanzia methanoli hadi zailini, uweke ndani ya kila kimoja miligramu chache za P3HT au polima yoyote inayofanana utakayoweza kuazima. Andika wapi inayeyuka, wapi inavimba, wapi inakaa kama ilivyo. Kutokana na hayo utakokotoa vigezo vya Hansen, namba zinazoonyesha polima na kiyeyushi vinapatana kiasi gani, na kujua mnyororo wako wa pembeni uelekee wapi. Kisha chukua wigo wa ufyonzaji wa mwanga katika zailini kwenye nyuzi 25, 50, 75 na 100. Kilele kikisogea kuelekea nyekundu kadiri unavyopoza, polima inajikusanya, na utajua ni kwenye joto gani. Spektrofotomita ya kawaida inatosha, na najua idara nyingi hapa zinayo.

Kwa polima yako ya kwanza nakuwekea lengo la miligramu 15 kwa mililita ndani ya zailini kwenye nyuzi 60, bila kuganda kwa saa moja. Usijali ufanisi bado. Ukilifikia, tuma sampuli ya miligramu 20 kwa washirika wenye kisanduku cha naitrojeni. Addis wanaijua kazi hiyo, na MSSEESA, mtandao wa sayansi ya vifaa na nishati ya jua, unaunganisha wanasayansi wa Nairobi, Dar es Salaam, Makerere na Zambia. Waombe wapime utando wa nanomita 100, 200 na 300, siyo wa 100 peke yake. Na kama mtalazimika kutumia bati hata mara moja, mwombe msimamizi wako awe amepanga chupa maalum ya taka na mahali pa kuipeleka kabla chupa ya kitendanishi haijafunguliwa.